Likizo Hii Familia Iende Wapi? Safari Ianzie Kakapel

(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wakazi wa Kaunti Ndogo ya Teso Kaskazini waliokusanyika Amagoro, shule zikikaribia kufungwa.)



Shule zinakaribia kufungwa. Katika nyumba nyingi za Amagoro, Malaba, Moding na Ang'urai swali limeshaulizwa wakati wa chakula cha jioni, na mara nyingi anayeliuliza ni mtoto: likizo hii tunaenda wapi? Mzazi ana majibu matatu aliyoyazoea. Tunaenda kwa nyanya. Hatuendi popote. Au, ikiwa mahindi yalikubali na ada imelipwa, tunaenda Mombasa.

Jibu la kwanza halina ubaya wowote. Mtoto aliyelelewa Malaba mjini akikaa wiki mbili kwa nyanya yake hurudi akijua kupepeta wimbi na majina ya babu zake. La pili lina sababu zake, na hakuna anayemlaumu mzazi kwa mfuko mtupu. La tatu ndilo linalohitaji kuhesabiwa kwa kalamu.

Kutoka mpaka wa Malaba hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 900. Familia ya watu watano ikipanda basi hadi Nairobi, kisha treni au basi jingine hadi pwani, na kurudi vivyo hivyo, imekata tiketi ishirini kabla ya mtu yeyote kulala kitandani au kununua soda. Mombasa inastahili safari hiyo. Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ipo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2011, na mtoto aliyezoea ziwa akisimama mbele ya bahari kwa mara ya kwanza hunyamaza kidogo. Lakini Mombasa ni safari ya kuwekewa akiba mwaka mzima, kwenye chama au kwenye simu. Si safari ya kukopea kwa sababu jirani aliweka picha zake za ufuoni kwenye WhatsApp.

Sasa amtazame mgeni. Mtalii kutoka Ulaya au Marekani anaweza kupata viza moja ya Afrika Mashariki, ya dola 100, inayomruhusu kuzunguka Kenya, Uganda na Rwanda kwa siku 90. Anashuka Nairobi, anakwenda kuona wanyama, kisha anapanda basi la usiku kuelekea Jinja kwenye chanzo cha Mto Nile, au mbali zaidi kwa sokwe wa milimani. Basi hilo linapita hapa. Anafika mpakani, anaamshwa agongewe muhuri, anarudi kulala. Amagoro ameipita usingizini, na hana kosa, maana hakuna aliyemwambia. Mkazi wa hapa ndiye anayepita mahali hapo kila siku akiwa macho.

Mahali penyewe ni Kakapel.

Katika vilima vya Chelelemuk, humu humu Teso Kaskazini, kuna mwamba mkubwa ulioinama kama paa la nyumba. Chini ya paa hilo ukuta wa jiwe umejaa michoro: duara ndani ya duara, alama ambazo hakuna aliye hai anayeweza kuzisoma, na ng'ombe. Mingine imechorwa juu ya mingine, kwa hiyo mtu akitulia na kutazama ataona kwamba huu si mkono mmoja wala zama moja. Watafiti wanaihusisha michoro ya duara na watu wa jamii ya Watwa, wawindaji na wachuma matunda walioishi sehemu hizi kabla ya wakulima. Ng'ombe walikuja baadaye, na wafugaji. Ndiyo maana Kakapel ni mnara wa kitaifa ulio chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, na ndiyo maana shirika la kuhifadhi sanaa ya miambani barani Afrika, TARA, lilifanya kazi pale.

Michoro ndiyo inayojulikana zaidi. Lakini habari kubwa imetoka chini ya ardhi, na haijafika sokoni Amagoro inavyostahili.

Wanaakiolojia kutoka Makavazi ya Kitaifa na vyuo vikuu vya Marekani walichimba sakafu ya pango hilo, tabaka baada ya tabaka. Udongo waliutia kwenye maji ili mbegu zilizoungua na kuwa mkaa zielee juu, kisha wakazichuja na kuzipima umri. Matokeo yalichapishwa mwaka 2024. Miongoni mwa mbegu hizo ilikuwamo kunde yenye umri wa takriban miaka 2,300, ambayo ni ushahidi wa zamani zaidi unaojulikana wa zao la kupandwa katika Afrika Mashariki. Walipata mtama na mamia ya punje za wimbi zenye umri wa miaka 1,000 hivi au zaidi. Walipata hata punje ya njegere, zao ambalo halikuwa limewahi kuonekana katika machimbo ya kale ya eneo hili.

Kunde. Si dhahabu wala taji la mfalme. Ni ile ile ambayo akina mama wanafunga majani yake mafungu mafungu pale sokoni, ambayo Wateso huita eboo, na ambayo watoto wengi huisukuma pembeni mwa sahani. Na wimbi ni lile lile la uji wa mzazi aliyejifungua, la atapa na la ajono ya wazee. Mtoto wa darasa la sita anayejifunza kwamba kilimo cha kale kilistawi kwenye mito ya nchi za mbali, Misri na Mesopotamia, anafundishwa kweli. Lakini ana haki pia ya kujua kwamba ushahidi wa kunde kongwe za Afrika Mashariki ulitoka chini ya mwamba anaoweza kuufikia na kurudi nyumbani kabla ya giza.

Kuna jambo ambalo wazee wengine huliuliza, na ni la haki: waliochora walikuwa Wateso? Jibu la ukweli ni kwamba watu wengi walipita pale. Mwaka 2020 wanasayansi walichapisha matokeo ya vinasaba vya mabaki ya watu waliozikwa Kakapel katika nyakati tatu tofauti, wa zamani zaidi akiwa aliishi takriban miaka 3,900 iliyopita. Vinasaba hivyo havikufanana. Wawindaji walikaa pale, wakaja wengine, wakaja wengine tena. Wateso wenyewe wanasimulia safari yao kutoka upande wa Karamoja, kwa hiyo si aibu kwao kusema kwamba walikuta athari za watu waliowatangulia. Jamii iliyohama huko nyuma inaelewa vizuri maana ya kutunza nyumba iliyoachwa na mwenyewe. Na neno hilo lisiishie kwa Wateso. Waluhya, Wasabaot na wote wanaoishi kati ya Mlima Elgon na ziwa wanaingia humo.

Hapa ndipo penye uchungu. Kwa miaka mingi watu walioitembelea Kakapel waliandika majina yao ukutani, juu ya michoro yenyewe. Jina, mwaka, labda na jina la mpenzi. Wataalamu ilibidi waje kuyaondoa maandishi hayo kwa uangalifu mkubwa, kwa sababu rangi ya kale haina duka la kununua nyingine. Waliofanya hivyo hawakuwa watalii wa kutoka ng'ambo. Walikuwa watu wa karibu, vijana wa matembezi ya shule na watu wa matanuzi ya Jumapili. Mtu hachori jina lake kwenye kuta za kanisa lake. Alichora pale kwa sababu alipaona kuwa ni jiwe tu la huko porini.

Kwa hiyo kuchagua pa kwenda likizo si jambo dogo kwa mahali kama hapa. Pango linalotembelewa na familia, lenye kiongozi anayelieleza, lina macho ya kulilinda. Pango lisilo na mgeni ni la mchunga mbuzi anayewasha moto wakati wa mvua na kijana mwenye kipande cha mkaa. Na pesa nazo zina njia yake: familia ikienda Kakapel, nauli inabaki kwa mwenye bodaboda wa Moding, chakula kinabaki kwa mama mwenye hoteli ya kando ya barabara. Pesa za Mombasa ni halali, lakini hazirudi Teso Kaskazini.

Atakayekwenda azingatie machache. Michoro haiguswi, maana jasho na mafuta ya vidole huila rangi. Haimwagiwi maji ili ing'ae kwenye picha. Tabia hiyo imeharibu michoro katika nchi nyingi. Moto hauwashwi chini ya mwamba. Mwalimu anayepeleka darasa zima aligawe makundi, maana watoto sitini wakiingia pamoja hakuna anayeona wala anayesikia kitu.

Na aliyeionja Kakapel atatamani Nyero. Hii iko ng'ambo ya mpaka, katika wilaya ya Kumi, nchini Uganda, njia ya Tororo na Mbale. Ni miamba yenye michoro mekundu ya duara ambayo ni ndugu wa karibu wa ile ya Kakapel, na Uganda imeiweka kwenye orodha ya mapendekezo yake kwa UNESCO. Kumi ni nchi ya Wateso. Mkazi wa Amagoro akifika pale anasalimiwa kwa lugha ya nyumbani, analetewa atapa, na baada ya nusu saa wameshaanza kutafutana ukoo. Hilo halishangazi. Hadi mwaka 1902 sehemu hii yote ilihesabiwa kuwa Uganda. Mwaka huo Waingereza waliuhamisha mkoa wa mashariki wa Uganda na kuuweka upande wa Kenya. Mstari ulisogezwa, watu hawakusogea. Kutoka Malaba mtu anauona Mwamba wa Tororo kila asubuhi, na wapo walioishi miaka hamsini wakiutazama bila kuukaribia hata siku moja.

Wengine hudhani kuvuka kunahitaji pasipoti. Tangu mwaka 2014 Mkenya anaingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho chake cha taifa. Kituo cha pamoja cha mpakani kipo Malaba na kipo pia Busia, ambako marais wa nchi mbili walikizindua rasmi Februari 2018. Mtu anahudumiwa na maofisa wa nchi zote mbili katika jengo moja. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kiwe tayari kwenye mfuko. Mtoto asiye na kitambulisho abebewe cheti cha kuzaliwa, na akisafiri na shangazi au mjomba awe na barua ya wazazi. Mzazi afike ofisi ya uhamiaji siku kadhaa kabla, si asubuhi ya safari akiwa na mizigo mgongoni. Mwenye gari apate bima ya COMESA, ile inayoitwa kadi ya njano, na achukue hati za gari.

Njia za panya zinajulikana na kila mtu aliyekulia hapa. Wengi huzipita kwenda kununua ndizi na kurudi, na hawaoni neno. Lakini anayekwenda likizo Kumi au Sipi kwa njia hiyo hana kumbukumbu yoyote ya kuingia. Akipata ajali au akisimamishwa kizuizini njiani, ni mtu asiye na karatasi katika nchi ya wenyewe, na watoto wake wamekaa kando wanatazama. Foleni ya mpakani ni ndefu, hasa malori yanapofika hadi huku Amagoro, ila mwenye miguu huipita haraka kuliko anavyodhani.

Sipi ni maporomoko matatu ya maji kwenye miteremko ya Mlima Elgon upande wa Kapchorwa, katikati ya mashamba ya kahawa. Upande wa Kenya mlima huo una Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1968, yenye lango la Chorlim upande wa Kitale. Ndani yake kuna Pango la Kitum, ambamo ndovu huingia gizani kukwangua chumvi kwenye kuta kwa pembe zao. Hakuna mahali pengi duniani mtu anapoweza kuambiwa hadithi kama hiyo na ikawa kweli. Kiingilio cha hifadhi za taifa hulipwa kupitia eCitizen, si kwa pesa taslimu langoni, na raia hulipa kidogo kuliko mgeni, kwa hiyo mwenye kitambulisho asikisahau. Msitu wa Kakamega nao, mabaki ya ule msitu mkubwa wa mvua wa Kongo ulioenea hadi huku, una zaidi ya aina 300 za ndege, na safari yake haihitaji kuvuka mpaka wala kulala njiani.

Kwa wapenda maji, kaunti hii ina ziwa lake. Sio Port na Port Victoria zina samaki aliyetoka majini asubuhi ile ile, na boti za kwenda visiwani. Hapa neno ni moja tu: asiyepewa jaketi la kujiokoa asipande boti, hata kama nahodha anacheka na kusema amepita maji hayo miaka ishirini. Ziwa Victoria hubadilika alasiri bila kupiga hodi.

Mwenye nauli zaidi, na hasa kijana anayetaka kujua ukoo wake, anaweza kufikiria Lodwar. Kaunti ya Turkana huandaa tamasha la Tobong'u Lore, maana yake rudini nyumbani, linalowakutanisha watu wa Ateker: Waturkana, Wakarimojong, Wateso, Watoposa wa Sudan Kusini, Wanyangatom wa Ethiopia. Msemaji wa Kiteso akiketi kati yao huanza kuokota maneno moja moja, kama mtu anayesikia redio ya mbali. Ni safari ndefu na ya joto, haifai mtoto mchanga. Faida yake ni ya aina yake, lakini.

Jinsi ya kuchagua kati ya hayo yote? Familia iketi, na ianze na idadi ya siku, siyo jina la mahali. Aliye na siku moja asijidanganye na Mlima Elgon. Atafika lango likikaribia kufungwa. Aliye na siku tatu anaweza kuunganisha Mbale, Sipi na Nyero. Kisha watazame anga. Agosti huku Magharibi mvua ya alasiri bado ipo na njia za mlimani zinateleza. Desemba hadi Februari ardhi hukauka. Kisha watoto wenyewe waulizwe. Mara nyingi hutaka kitu kidogo kuliko mzazi anavyofikiri: kulala mahali pasipo nyumbani, kula chapati ya njiani, kuketi dirishani. Pesa ndiyo ya mwisho kutajwa mbele yao na ya kwanza kuhesabiwa chumbani. Aliyezidiwa asione haya kuungana na majirani wawili na kukodi matatu moja. Viti kumi na vinne vikijaa, nauli ya Kakapel inakuwa jambo la kila mtu.

Wapo pia wanaosema mtu wa mpakani hana haja ya kusafiri, kwa kuwa dunia yote inampitia mlangoni. Kila mwaka kabla ya Juni 3 mahujaji hupita Malaba na Busia kwa miguu wakielekea Namugongo, wengine wakiwa wametoka mbali sana, wakiimba. Mkazi huwapa maji na kuwatazama wakipotea kwenye kona. Ni kweli dunia inapita. Lakini kupitiwa na safari za watu si sawa na kusafiri.

Aliyeamua kuanza na Kakapel aondoke asubuhi, kabla jua halijapiga mwamba. Michoro huonekana vizuri zaidi mwanga ukiwa mpole. Abebe maji ya kutosha, kofia, viatu visivyoteleza na chakula cha mchana, na mfuko wa kurudishia taka nyumbani. Ikiwa mvua ilinyesha usiku, amuulize mhudumu wa bodaboda wa Moding hali ya barabara kabla ya kutoa gari. Penseli na daftari za watoto ni muhimu kuliko simu: mtoto akiambiwa anakili duara moja kwenye karatasi, atakaa mbele ya ukuta ule robo saa nzima. Na chakula hicho cha mchana, kama mama alipitia sokoni jioni ya kabla, kiwe na kunde.